Tupeane uzoefu: geji za ziada kwenye magari ya turbo, Arusha na Moshi

Mwanzisha mada, Njiro

Wadau wa Arusha na Moshi, habari zenu. Ninaomba wenye magari ya turbo (feni inayoisukumia injini hewa zaidi), ya petroli na ya dizeli, tuelezane ni geji zipi, yaani mita za kupimia, mmezifunga, sensa (vitambuzi vyake) mmeziweka wapi na zimewasaidia nini.

Ninaanza mwenyewe. Ninaendesha Subaru Forester ya turbo, na geji ya kwanza niliyoifunga ni ya presha ya oili, ingawa vijana wengi hukimbilia ya presha ya turbo kwa kuwa mshale wake haupoi. Kwenye dashibodi ya gari langu oili ina taa tu, nayo huwaka presha ikiwa imekwisha kukaribia sifuri, wakati ambapo beringi za injini na turbo, ambazo zote zinategemea oili hiyohiyo, zimeshaanza kusagana. Mshale wa joto la maji nao, katika magari mengi ya siku hizi, umetengenezwa utulie katikati hata joto linapopanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa, kwa hiyo ukiuona umeinuka, hali imekwisha kuwa mbaya.

Gari langu likiwa limepata moto na limesimama linanguruma, presha hukaa karibu na bar 1 (bar ni kipimo cha presha), na nikiwa barabarani kuelekea Usa River hupanda hadi bar 4 hivi. Namba yenyewe hainishughulishi sana kama mabadiliko: oili ikiwa ni ileile, halafu ile 1 ikaanza kusomeka 0.6, ninatafuta sababu kabla ya safari.

Mdau wa Moshi mjini

Naongezea kuhusu nyuzi za sensa, yaani ile mistari ya skrubu inayoishika, kwa sababu hapo ndipo pesa za watu huteketea. Injini za Kijapani kwa kawaida zina tundu la sensa ya oili lenye nyuzi za BSPT (kipimo cha Kiingereza), ambazo ni 28 kwa inchi, ilhali geji nyingi za Kimarekani huja na sensa za NPT (kipimo cha Kimarekani) zenye nyuzi 27. Kwa macho hutaona tofauti. Sensa huingia vizuri mizunguko ya mwanzo, kisha inakaza, na fundi asiyejua huongeza spana. Gereji moja, ambayo sitaitaja, iliilazimisha ya kwangu hivyo, na baada ya muda oili ikawa inavuja taratibu juu ya bomba la moshi, nami nikadhani harufu ile ni ya gasketi.

Fundi aliyenisaidia aliweka adapta sahihi, kisha mpira mfupi wenye wavu wa chuma, na sensa akaifunga kwenye bodi ya gari, kwa kuwa sensa nzito ikining'inia moja kwa moja kwenye injini, mtikisiko huweza kuikata shingo. Angalieni jambo moja hapo: sensa ya waya mmoja hupata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kupitia nyuzi zake, kwa hiyo ukiihamisha, au ukiizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba kupita kiasi, geji itasoma uongo mpaka uivutie waya wa ethi. Sensa za waya mbili au tatu hazina usumbufu huo.

Mdau wa Karatu

Mimi ni dereva wa Land Cruiser ya dizeli ya kubeba watalii. Kwetu geji yenye faida ni ya joto la moshi. Kitambuzi chake tulikiweka kwenye manifoldi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini), kabla ya turbo, maana ukikiweka baada ya turbo kitasoma chini sana pale injini inapobeba mzigo. Manifoldi ilishushwa kwanza ndipo ikatobolewa, kwa sababu unga wa chuma ukiingia kwenye mapanga ya turbo utakuwa umejitafutia gharama nyingine. Nikipanda kutoka Mto wa Mbu nikiwa nimejaza abiria, mshale hupita nyuzi 600 za Selsiasi. Ukigusa 700 ninarudisha gia na kulegeza mafuta, na unashuka mara moja.

Mdau wa Sakina

Kwa wenye petroli: Arusha ipo takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ina presha ya karibu bar 0.86, ilhali pwani ni kama 1.01. Gari likiwa limesimama linanguruma, mshale wa geji ya turbo hautashuka chini ya sifuri kwa kiasi kikubwa kama unavyoshuka Tanga. Huo si ubovu, msibadilishiwe mipira ya hewa bure.

Fundi umeme, Moshi

Nashauri geji za umeme, kwani zile za kizamani huleta oili ya moto ndani ya gari kwa kijibomba. Umeme uvutwe kwenye waya unaowaka kwa ufunguo, ukiwa na fyuzi yake, na tundu la kupitisha waya liwekewe mpira ili bati lisiukate. Mteja wangu mmoja alitaka geji tatu za milimita 60 kwenye nguzo ya kioo, lakini alipofika kipilefti cha YMCA zikawa zinamficha bodaboda wanaotokea kulia. Tulizibadilisha kwa za 52 na kuzishusha chini ya redio.