Traki zinapishana baada ya kutolewa kwa ajili ya miksi: naomba ushauri

Mwanzisha uzi: Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina wimbo wa taarabu wa dakika 5: ngoma na besi za kompyuta, fidla, akodioni, na sauti ya mwimbaji iliyorekodiwa kwenye kinasa sauti cha pembeni. Kwenye programu yangu, ambamo sauti hiyo niliikata na kuipanga mstari kwa mstari, wimbo unakwenda sawa. Fundi wa miksi, yaani wa kuchanganya na kusawazisha sauti, nimempelekea kila traki (faili ya sauti ya kila ala) peke yake, ila ya mwimbaji ni faili asili ya kinasa. Anasema fidla inaingia mapema mno, akodioni inachelewa kidogo, na mwimbaji anaanza vizuri kisha anaachana na ngoma taratibu. Je, azisogeze kwa mkono?

Mchangiaji wa kwanza: Asizisogeze kwanza, ndugu yangu. Pengo lisilobadilika na pengo linalokua ni matatizo mawili tofauti. Fidla, kwa maelezo yako, ilitolewa kuanzia noti yake ya kwanza badala ya mwanzo wa wimbo. Ule ukimya wa mbele ndio unaoishikilia mahali pake, kwa hiyo kila faili ianzie sifuri na iishie pamoja na nyingine, hata kama ala inapiga ba (mafungu ya mapigo) nne tu. Na akodioni, je, ni MP3, yaani faili iliyobanwa?

Mwanzisha uzi: Ndiyo, hiyo peke yake, kwa sababu intaneti ilikuwa dhaifu.

Mchangiaji wa kwanza: Basi ndiyo sababu. Usimbaji wa MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni, mara nyingi sampuli (vipimo vidogo vya sauti vinavyochukuliwa maelfu kwa sekunde) zaidi ya 1,000, yaani zaidi ya milisekunde 20, kiasi ambacho sikio hukisikia mara moja kwenye ala inayokwenda na ngoma. Toa WAV, faili isiyobanwa, ya biti 24.

Mchangiaji wa pili: Naongezea kuhusu mwimbaji. Kama faili ya sampuli 48,000 kwa sekunde ingesomwa kama ya 44,100, dakika 5 zingekuwa 5 na sekunde 26, na sauti ingeshuka karibu nusu-toni moja na nusu. Fundi angekwambia kwamba mwimbaji yuko nje ya ufunguo. Kwa kuwa hakusema hivyo, naamini ni saa za ndani za vifaa viwili, zinazopima kasi ya sampuli, kutolingana. Tofauti ya sehemu 50 tu katika milioni huzaa milisekunde 15 ndani ya dakika 5, na vifaa vya bei nafuu vinaweza kuzidi hapo. Mpelekee ile sauti uliyokwisha kuipanga, iliyotolewa ndani ya programu pamoja na nyingine.

Mwanzisha uzi: Nawashukuru sana. Nitahakikishaje kabla ya kutuma?

Mchangiaji wa pili: Fungua mradi mtupu, weka faili zote kwenye sifuri, usikilize zaidi ba za mwisho kuliko za mwanzo, maana huko ndiko pengo linalokua hujitokeza. Mwandikie fundi pia tempo (kasi ya wimbo) na idadi ya sampuli kwa sekunde.