Jakaranda imegeuka waridi kwenye filamu
Swali: Ndugu zangu, nilipiga picha za mijakaranda iliyochanua Entebbe kwa filamu ya rangi. Kwa macho niliona zambarau inayoelekea buluu, lakini picha zilizotoka kwenye skana ni za waridi. Kosa ni la nani?

Jibu: Kaka, usiilaumu skana kwanza. Baadhi ya maua ya buluu huakisi pia mwanga mwekundu wa mwishoni mwa rangi zinazoonekana, wenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 700, ambao jicho huuona kwa shida, ilhali tabaka la filamu linalopokea wekundu huweza kuunasa. Hivyo ua huongezewa wekundu ambao wewe hukuuona.

Jibu: Skana nayo ina lake. Negativu ya rangi, yaani filamu iliyosafishwa yenye rangi zilizogeuzwa, ina utando wa rangi ya chungwa ambao programu hulazimika kuuondoa kwa kukisia. Nilipoiacha ya kwangu ijiamulie, udongo mwekundu wa Masaka ulitoka kama kalo (ugali wa ulezi) iliyolala. Je, vitu vyeupe vilivyomo pichani vimetoka vyeupe?

Muulizaji: Ndiyo, shati la mwanangu ni jeupe kabisa. Ni maua tu.

Jibu: Basi ni filamu; skana ingekosea, hata shati lingebadilika rangi. Rekebisha rangi ya maua peke yake, usiguse picha nzima.