Idadi ya sarafu za fedha zilizotengenezwa inatueleza nini hasa?

Swali

Ndugu wakusanyaji, naomba ufafanuzi. Nilidhani kwamba sarafu iliyotengenezwa kwa idadi ndogo ndiyo iliyo adimu. Hata hivyo, dola ya Morgan (sarafu ya fedha ya dola moja ya Marekani) ya 1884 kutoka kiwanda cha Carson City, iliyotengenezwa 1,136,000, hupatikana ikiwa mpya kwa urahisi, ilhali ya mwaka huohuo kutoka San Francisco, iliyofikia 3,200,000, ni tabu kuiona ikiwa haijachakaa. Je, orodha zina makosa? Na muuzaji wa sarafu za leo anapotangaza kiwango cha juu cha toleo, yaani idadi isiyopaswa kuzidishwa, je, hiyo ndiyo idadi kamili?

Jibu la kwanza

Orodha hazina makosa. Zinajibu swali jingine. Idadi hiyo ni ya sarafu zilizotoka kiwandani, wala haisemi zimebaki ngapi. Kwa Sheria ya Pittman ya 1918, Marekani iliyeyusha dola za fedha 270,232,722, bila kuweka hesabu ya miaka wala viwanda zilikotoka, kwa hiyo hakuna anayeweza kuondoa tu zilizoyeyushwa kwenye idadi ya zilizotengenezwa na kupata jibu. Dola za Carson City ulizozitaja zilikaa ndani ya mifuko katika maghala ya Hazina kwa miongo mingi, na serikali ilipoanza kuwauzia wananchi akiba hiyo mwaka 1972, zilikuwamo 962,638 za 1884, yaani zaidi ya nane katika kila kumi. Zile za San Francisco ziliingia mikononi mwa watu zikachakaa.

Jibu la pili

Naongeza tahadhari moja: hata rekodi ya kiwanda huhitaji kusomwa kwa makini. Rekodi za Marekani zinaonyesha dola 19,570 kwa mwaka 1804, lakini hizo zilipigwa chapa kwa mihuri yenye tarehe za miaka ya nyuma. Dola zenye mwaka 1804 zilianza kutengenezwa 1834. Vilevile, kwa dola ya Morgan ya 1895 ya Philadelphia, rekodi inataja 12,000 za matumizi ya kawaida, na hakuna hata moja inayojulikana. Zinazojulikana ni zile za ubora wa pekee, zilizotengenezwa 880 kwa ajili ya wakusanyaji.

Jibu la tatu

Kuhusu sarafu za leo, kiwango cha juu ni dari tu. Kiwanda kinaweza kuuza pungufu sana na kuyeyusha zilizobaki, kwa hiyo subiri hesabu ya mwisho ya mauzo kabla ya kulipa bei ya "adimu". Mfano mzuri ni American Eagle, sarafu ya fedha ya Marekani, ya 1995 yenye alama ya W (ya kiwanda cha West Point): ziliuzwa 30,125 tu, kwa sababu aliyeitaka alilazimika kununua pamoja nayo sarafu nne za dhahabu.

Muuliza swali

Nashukuru. Basi zilizosalia hukadiriwaje?

Jibu la kwanza

Anzia kwenye hesabu za kampuni zinazopima ubora wa sarafu, kama PCGS na NGC, ambazo huonyesha ni ngapi zimepewa kila daraja. Usizichukue kuwa sensa: mtu anayetafuta daraja la juu zaidi huweza kuitoa sarafu yake kwenye kasha la plastiki ilimofungwa na kampuni na kuiwasilisha upya, ikahesabiwa mara mbili au tatu, na sarafu za bei ya chini mara nyingi hazipelekwi kabisa kwa kuwa ada ingezidi thamani yake.