Mrejesho: kitabu cha vitawe cha binti yangu

Salamu kutoka Ujiji, wadau. Niliwauliza nimweleweshe vipi vitawe (maneno yenye maana zaidi ya moja) binti yangu wa darasa la pili, maana aliambiwa achore mbuzi ya kukunia nazi akachora beberu mwenye ndevu ameshika kifuu. Mkanishauri nimtengenezee kitabu cha picha.

Daftari na kalamu za rangi, basi. Sharti letu moja: kila picha ichekeshe. "Paa" ilitukalisha jioni nzima. Paa mwenye pembe kasimama juu ya paa la bati, chini mama anapaa samaki aina ya kuhe, magamba yanamrukia hadi kwenye kanga. Bibi yake akasema tumesahau ndege inayopaa, tukaibana pembeni.

"Kaa" ilinishinda. Kaa la moto nililochora lilifanana na andazi (bado wananicheka). Akaninyang'anya kalamu: "Baba, acha," akachora kaa wa ziwani amekaa juu ya kaa, miguu yote hewani.

Jana kaniletea ukurasa wake mwenyewe, sikumsaidia hata kidogo: chungu watatu wanapanda chungu cha dawa chungu. Mmoja kakunja uso.

Asanteni sana. Kesho tunaanza "panda".