Bega zima la nguruwe kwenye jiko la moshi: nianze saa ngapi?

Mgeni_Jikoni
Salaam kwenu nyote. Ninaishi Greensboro, North Carolina, na Jumamosi saa nane mchana ninatarajia wageni wapatao kumi na wawili. Nimenunua bega la nguruwe la kilo 4 lenye mfupa, nami nina jiko la moshi la mkaa, lile lenye umbo la pipa. Nataka nyama iive hadi ichambuke kwa mkono. Je, niiweke jikoni saa ngapi, na ni lazima kuifunga kwa karatasi ya foili, kama wengi wanavyosisitiza?

Kuni_Kavu
Ndugu, ukilidumisha jiko kwenye nyuzi 110 za Selsiasi, kila kilo itahitaji takriban saa tatu na nusu. Kwa hiyo liweke bega jikoni saa tatu usiku wa Ijumaa, ukiwa umelipaka chumvi tangu asubuhi, kiasi cha gramu 15 kwa kilo. Hata hivyo, saa ni makadirio tu, na kinachoamua ni kipimajoto. Nyama ya nguruwe isiyosagwa huwa salama kuliwa ifikapo nyuzi 63 na kupumzishwa dakika tatu, lakini bega la kiwango hicho bado ni gumu, kwa kuwa kano na utando wake huhitaji muda mrefu kwenye joto la juu zaidi ili viyeyuke na kuwa ute unaolainisha nyama. Subiri nyuzi 93 hadi 96, kisha utikise mfupa: ukichomoka bila kushindana nawe, kazi imekwisha.

Jambo litakalokutia wasiwasi alfajiri ni kwamba joto la ndani hugoma kupanda likifika karibu na nyuzi 70, na huenda likakaa hapo kwa saa kadhaa. Jiko lako halijaharibika. Maji yanayotoka kwenye nyama huvukizwa na kuipoza, kama jasho linavyoupoza mwili. Foili huuzuia mvuke huo, na ndiyo maana huharakisha kazi. Mimi huifunga nyama mara tu ganda lake linapokuwa jeusi-jekundu, wala si kabla.

Mama_Pilipili
Mwenzangu amesema vyema kuhusu joto, ila kuhusu foili sikubaliani naye. Nyama iliyofungwa huchemka katika maji yake, na lile ganda lililojengwa usiku kucha hulainika. Ukiwa na haraka, pandisha jiko hadi nyuzi 125 na uiache nyama wazi. Bega lina mafuta ya kutosha, halitakauka. Foili itumie baadaye: nyama ikiiva mapema, ifunge, izungushie taulo nene na uiweke ndani ya sanduku la barafu lililo tupu, ambamo itabaki moto kwa saa tatu au nne. Hakikisha tu kwamba haishuki chini ya nyuzi 60.

Kuhusu kuni, tumia hikori, mwaloni au mtufaha uliokauka vizuri, na uepuke msonobari kwa sababu ya utomvu wake. Moshi mzito mweupe huifanya nyama kuwa chungu. Ufungulie moto hewa hadi moshi uwe mwembamba, karibu usionekane. Na tafadhali, usifunue kifuniko kila mara kwa udadisi.

Mgeni_Jikoni
Ahsanteni sana. Nitaanza saa tatu usiku na kuiacha wazi. Je, mchuzi wake?

Kuni_Kavu
Ukiwa hapo ulipo, huna haja ya kwenda mbali. Mashariki ya jimbo lenu hutumia siki, chumvi na pilipili kavu tu, ilhali Lexington, ambako mabega ndiyo sifa ya mji, huongeza sosi ya nyanya kidogo. Mimi nachagua ya mashariki, kwani siki hukata mafuta ya bega vizuri zaidi. Imwagie nyama ingali moto, mara baada ya kuichambua, kidogo kidogo huku ukionja, na sehemu nyingine uiweke mezani.