Programu za ramani zinatupeleka korongoni, tena kwa kulipia!

Wakuu, hili siwezi kulinyamazia. Hizi programu za ramani za wapanda milima zinachora mstari wowote ule na kuuita njia. Mmoja kashuka mwamba kwa kamba, mwingine kapotea akazungukazunguka vichakani, simu zao zimerekodi, wamepakia. Kesho yake mistari hiyo inaonekana kwa kila mtu, rangi ile ile ya njia inayopitika. Nani aliikagua? Hakuna.

Juzi nimefuata mstari wa namna hiyo. Skrini inasema njia "rahisi", na nyota kibao. Chini ya miguu ni kokoto zinazoteleza, mara ardhi ikakatika, korongo hilo hapo mbele, na mstari wenyewe unaendelea kuvuka utadhani kuna daraja. Nyuma yangu wanakuja watu wengine na mtoto, nao macho kwenye simu! Ikabidi niwapigie kelele wasimame.

Msiniambie ni bahati mbaya. Mwaka 2021 mashirika ya milima ya Scotland yalionya hadharani kwamba Google Maps ilikuwa ikielekeza watu kupanda Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote huko, kwa njia inayoweza kuua. Iliwapeleka kwenye maegesho ya magari yaliyo karibu zaidi na kilele, kisha vidoti moja kwa moja kwenda juu. Karibu kwa kipimo cha ndege, si cha binadamu.

Na hili la hela ndilo linanichefua kabisa. GPS haihitaji intaneti. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti bure, nne zinatosha kukuonyesha ulipo. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani, na hao jamaa wanajua fika kwamba milimani mtandao ni wa kubahatisha. Lakini kwenye baadhi ya programu hizi kuipakua mapema mpaka ulipie! Usipolipa, mtandao ukikata unabaki na kidoti cha bluu kwenye skrini tupu. Tena kwenye bonde lenye kuta za mawe mawimbi yanagonga miamba kwanza, hicho kidoti nacho kinarukaruka.

Waandike njia imetoka kwa nani, lini, na kama imekaguliwa. Ramani ya kupakua iwe bure. Nimeripoti mstari ule, nikajibiwa "asante" na mashine, na mpaka naandika hapa bado upo. Aliyewahi kufanikiwa kufutisha njia ya hivi aseme alipitia wapi, kabla mtu hajaanguka pale.