Naomba ushauri: saa 12 garini na watoto wawili wadogo

Habari zenu ndugu. Likizo imeisha, keshokutwa tunarudi nyumbani kwa gari letu, kama mwendo wa saa 12 barabarani. Ni mimi, mume wangu, binti wa miaka minne na mdogo wake wa mwaka na nusu.

Mkubwa hutapika garini. Wakati wa kuja nilimpa simu aangalie katuni ili atulie. Nusu saa haikuisha, akanyamaza ghafla, midomo ikampauka, na kabla sijafungua mfuko yote yakaishia kwenye mkanda wa kiti chake. Nimeufua mara mbili, bado unanuka! Simu nimeipiga marufuku, maana kukodolea macho kitu cha karibu huku gari linakwenda ndiko kunakomchefua zaidi.

Mdogo ugomvi wake ni kiti. Akifungwa tu anajipinda kama upinde na kulia mpaka sauti inakauka. Mama mkwe anasema nimpakate. Hapo sikubali, gari likifunga breki ghafla mikono yangu haitamzuia.

Mume anataka tuondoke saa 10 alfajiri ili watoto walale. Mimi naogopa atakayesinzia ni yeye.

Mliowahi kupitia haya, mliondoka saa ngapi na mlisimama kila baada ya muda gani? Na huyu wa kutapika, nimlishe kidogo kabla ya safari au nimwache kwanza? Dawa nitamuuliza daktari, ila mbinu zenu nyingine nazihitaji.